Maji Nayo ni Safi

Vijana wangu wa sehemu ya mafuta, mmelalamika kwamba wasifu wa Jenerali Athumani uliosomwa mazikoni ulikuwa wa vyeo tu, na mmeniomba niandike ninayoyajua mimi. Ni kweli ulikuwa wa vyeo. Luteni, Kapteni, Meja, kozi hii, nishani ile. Msomaji alikuwa anapumzika kila mstari kama mtu anayepanda ghorofa. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mabeleshi, nikisubiri wataje chupa ya jamu. Hawakuitaja.

Basi nitaitaja mimi. Mtanivumilia, maana nimeishia darasa la saba, na kazi yangu miaka yote ilikuwa kuzijaza ndege mafuta, wala si kuzirusha. Na niseme mapema: kuna jambo nilimficha marehemu kwa miaka mingi, na lilinikalia vibaya. Mwishoni nilimwambia. Alichonijibu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Nianze na pua yangu, kwa sababu ndiyo iliyoniajiri.

Baba yangu alikuwa na duka Majengo, hapa Dodoma, la nafaka upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili, na mimi nililelewa katikati. Unga ukinuka mafuta ya taa wateja wanakuja juu, kwa hiyo tangu mdogo nilijua kipi kimemwagikia kipi. Siku moja alikuja Sajenti Ndahani kutafuta mtu wa kazi kikosini. Alikuwa Mgogo wa Kongwa, mfupi, mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Alikuwa na vitambaa vitatu mfukoni.

"Fumba macho, mtoto wa Majengo. Hiki?"

"Mafuta ya taa."

"Hiki?"

"Dizeli."

"Na hiki?"

Nikanusa, nikanusa tena. "Hiki umefutia mlenda, afande."

Askari aliokuja nao waliangua kicheko mpaka mmoja akakalia gunia la uwele. Sajenti hakucheka. Alikitazama kitambaa, akakirudisha mfukoni, akasema, "Huyu aanze Jumatatu."

Huyo Sajenti ndiye aliyenifundisha chupa. Nyinyi sasa mna gari lenye kichujio, na mna vile vidonge vinavyobadilika rangi vikigusa maji. Sisi tulikuwa na mapipa, pampu ya mkono na chupa ya jamu iliyooshwa. Ndege ikishajazwa, inaachwa itulie ili maji kama yapo yashuke chini ya tangi, maana maji ni mazito kuliko mafuta. Halafu unakwenda chini ya bawa, unafungua bomba dogo, unakinga chupa. Kama kuna maji, yatakaa chini na mafuta juu, na utauona mstari katikati yao.

Lakini sikilizeni hapa, maana hata gari lenu lina siku yake ya kuharibika. Mafuta ya ndege zetu za mizigo hayana rangi ya kutisha. Ni meupe kama ya taa. Sasa chupa ikijaa mafuta matupu, hakuna mstari. Na ikijaa maji matupu, je? Pia hakuna mstari. Ndiyo maana Sajenti alitufundisha kuweka kwanza kidole kimoja cha mafuta unayoyajua, kutoka kwenye kopo la dukani kama ni lazima, ndipo ukinge. Baada ya hapo unanusa, unasugua tone kati ya vidole, unaliona linateleza. Ndipo unafungua mdomo.

Na kufungua mdomo nako kulikuwa na sheria.

"Rubani akikuuliza hii nini," alisema Sajenti, "usimjibu safi. Safi si jina la kitu. Maziwa nayo ni safi. Maji nayo ni safi. Sema mafuta. Kama huna uhakika wa kusema mafuta, nyamaza."

Sisi vijana tuliligeuza kuwa mchezo. Mtu akikuuliza "Mambo?" unamjibu "Mafuta!" Hata kantini. Hata msichana akikusalimia sokoni. Sajenti akisikia anatikisa kichwa, anakwenda zake.

Marehemu alikuja kwetu akiwa Luteni, mwembamba, mtu wa upande wa Kondoa, sauti ya chini. Sikuona dalili yoyote ya ujenerali. Dalili niliyoiona ni kwamba alipoingia kibandani kwetu mara ya kwanza alimwambia Sajenti shikamoo kabla Sajenti hajamaliza kumpigia saluti. Sajenti akabaki mkono kichwani, hajui aushushe au aitikie. Akaitikia mkono ukiwa juu.

Siku zile tulipeleka vifaa Kongwa, kwenye kiwanja cha majani. Mimi nilikuwa napanda na pampu yangu na mapipa mawili. Mara ya kwanza na yeye tulikuta ng'ombe wamelala katikati ya kiwanja kama wamekodi. Tulizunguka. Tukazunguka tena. Mzunguko wa tatu tukapita chini sana, ng'ombe wakasogea kwa kutupendelea, tukatua. Mchungaji, mzee mwenye shuka na fimbo, akatujia kwa hasira.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwani hukuona ng'ombe wanapumzika?"

"Niliwaona, mzee."

"Ukawapigia kelele!"

"Nisamehe, mzee. Siku nyingine nitatangulia kuuliza."

Nilidhani anatania. Safari iliyofuata alibeba kifurushi kidogo cha majani ya chai, akampa yule mzee, wakakubaliana saa za ng'ombe na saa za ndege. Hatukuzunguka tena Kongwa.

Msidhani nampaka mafuta, ingawa ndiyo kazi yangu. Alikuwa na kasoro zake. Gari lilimshinda. Mtu aliyeshusha ndege kwenye majani na upepo wa ubavuni bila kumwaga chai aliligonga geti la kikosi kwa Landrova mara mbili, geti lilelile, nguzo ileile. Mara ya pili mlinzi aliliwahi akaruka pembeni, kisha akapiga saluti akiwa ndani ya michongoma. Na alikuwa msahaulifu wa majina. Mimi aliniita Bwana Pua mwaka mzima kabla hajajua naitwa Shabani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa zile zama za ruksa, biashara zimefunguliwa. Mji ulikuwa umechangamka. Majengo ilijaa mitumba, redio, sabuni za kila rangi, vitu ambavyo jana yake vilikuwa hadithi. Vindege vya watu binafsi vilianza kutua, marubani wake wamevaa kaptula na miwani myeusi. Na sisi tukaambiwa lori jipya la mafuta linakuja, lenye kichujio na mita. Tulifurahi kama watoto. Mimi, kwa kujifanya mwerevu, nikasema tulitafutie nafasi, tuyatoe mapipa bandani tuyasimamishe nje kwa muda. Yalikuwa yamelazwa ndani, vizibo kushoto na kulia, kama Sajenti alivyotaka. Sajenti alikuwa ameshastaafu, karudi kwake kulima karanga. Hakuna aliyenizuia.

Pipa, vijana, linapumua. Mchana jua linalivimbisha, jioni linanywea, na likinywea linavuta hewa kwenye kizibo. Ukilisimamisha nje, mvua ikanyesha, maji yanakaa juu kwenye kizibo. Likivuta, linavuta maji. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa. Nilisema tu, Dodoma hii, mvua gani?

Ikanyesha siku tatu.

Siku ya nne asubuhi mbingu ilikuwa imetakata mpaka milima ya mbali inaonekana karibu. Akaja mgeni mkubwa wa kupelekwa Kondoa kufungua mradi. Rubani ni Athumani, sasa Meja. Kila mtu kikosini alijua jina lake limependekezwa kwenda kozi ya nje, na akirudi anapanda cheo. Ilibaki sahihi tu. Kwa hiyo safari ile ilikuwa na macho mengi.

Nilijaza kwa pampu ya mkono kutoka kwenye mapipa yale. Mgeni alifika mapema, na msaidizi wake, kijana mwenye tai, akawa ananiuliza kila dakika, "Bado tu?" Mimi nilikuwa na mafua makali. Pua iliyoniajiri ilikuwa imeziba kama mfereji wa sokoni. Nikaenda chini ya bawa, nikakinga chupa. Sikuweka kidole cha mafuta kwanza. Sikusugua tone. Nikainua chupa juani. Meupe, yameng'aa, hakuna mstari.

Meja alikuwa ng'ambo ya ndege akimsaidia mgeni kupanda ngazi. Akanyoosha shingo, akaniita kupita kelele za jenereta, "Vipi, Shabani?"

Nikajibu, "Safi, afande!"

Watu wameniuliza maisha yangu yote: ulijibu salamu au ulijibu chupa? Nawaambia ukweli: nilijibu vyote viwili kwa neno moja, na ndilo kosa. Yeye akainua kidole gumba, akapanda. Nikatia saini karatasini.

Injini zikawaka. Ndege ikaanza kutambaa kwenda mwisho wa kiwanja. Mimi nikarudi kibandani na chupa mkononi, nikaimwaga ndani ya debe letu la kuoshea spana, lenye mafuta ya taa. Badala ya kuchanganyika, nilichomwaga kikazama. Kikajikusanya chini ya debe, vidonge vidonge vikubwa vya mviringo, vinabingirika.

Chupa nzima ilikuwa maji; injini zilikuwa zinawaka kwa mafuta ya zamani yaliyobaki kwenye mabomba.

Hapa ndipo penye lile jambo. Kila mtu aliyesimulia habari hii alisema Shabani aliona, akakimbia. Sivyo. Shabani aliona, akasimama. Nilisimama kwa pumzi tano. Naijua idadi yake kwa sababu nimezihesabu mara nyingi baadaye. Ya kwanza nilijiambia labda ni kidogo tu. Ya pili, labda injini itayameza. Ya tatu niliwaza kazi yangu na mke wangu aliyekuwa mjamzito. Ya nne niliwaza mgeni na kijana wa tai na neno hujuma, maana kikosini neno hilo halina mchezo. Ya tano ndege ikageuka, mkia ukanielekea, vumbi likaja usoni kwangu. Ndani ya ndege ile kulikuwa na watu tisa, mmoja wao ananiita kwa jina.

Baiskeli ya karani ilikuwa imeegemea ukuta. Niliipanda, nikakata majani mpaka katikati ya njia ya kurukia, nikaanguka nayo, nikainuka nikatanua mikono. Ndege ilikuwa imeshaanza kuja. Ikasimama karibu kiasi kwamba niliona uso wa Meja kwenye kioo.

Akazima injini. Akashuka. Nyuma yake akashuka kijana wa tai.

"Nini?" Meja akauliza.

"Maji, afande."

"Umeniambia safi."

"Ni safi, afande. Ni maji safi."

"Huyu amelewa!" kijana wa tai akapiga kelele. "Ndege imewaka, imetembea yenyewe, maji gani? Meja, mheshimiwa ana ratiba!"

Meja alinigeukia mimi. Aliniomba chupa. Nilikuwa nimeisahau kibandani, basi akavua kofia yake, akaikinga chini ya bawa, akafungua bomba. Akatia kidole, akasugua, akanusa, kisha akamnyooshea kofia kijana wa tai.

"Nawa mikono," alimwambia.

Mgeni alikwenda Kondoa kwa gari, na barabara yenyewe baada ya mvua ya siku tatu mnaijua. Alifika jioni amepakwa tope mpaka masikioni. Ofisi yake haikutaka habari ya mapipa isikike, ikaandika kwamba safari iliahirishwa kwa hali mbaya ya hewa. Hiyo ndiyo "hekima ya kuahirisha safari kutokana na hali ya hewa" mliyoisikia mazikoni. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kuliko siku yoyote mwaka ule.

Lakini kikosini kulikuwa na uchunguzi. Maofisa watatu, meza moja, fomu za kujaza. Meja alinikuta nje nimekaa kwenye tofali.

"Mimi nimeandika langu," alisema. "Wewe andika lako. Usiandike langu."

Nikaandika sentensi mbili, nakumbuka mpaka mwandiko: Nilisema safi. Yalikuwa maji. Sikuandika pumzi tano. Hakuna aliyeniuliza.

Yeye alikuwa na mlango wa kutokea. Saini ilikuwa yangu, sauti ilikuwa yangu. Angesema mtu wa mafuta alimthibitishia, na mimi ningekuwa nyumbani nikipima uwele na baba. Aliandika: Sikuiangalia chupa. Nilisikia salamu nikaifanya jibu.

Mimi nilipewa kufyeka majani ya kiwanja miezi sita. Yeye kozi ile alikwenda mwenzake. Akabaki Meja miaka, wadogo zake wakampita, wengine akawapigia saluti. Nilimpita kiwanjani na fyekeo langu, ananiambia, "Umeacha kipande pale, Bwana Pua," anaendelea na safari. Hakuwahi kulitaja lile jambo kwa uchungu. Na kadiri asivyolitaja, ndivyo pumzi zangu tano zilivyozidi kunielemea. Nilisema, huyu mtu amepoteza kozi kwa ukweli wake, na mimi ukweli wangu nimeupunguza.

Cheo kilikuja, kwa kuchelewa, kisha vikafuatana mpaka nyota zikajaa mabegani. Akija Dodoma na msafara wake, mkuu wa kikosi amesimama mlangoni na gwaride, yeye anapita kwanza kibandani kwetu. Anakalia pipa tupu, anakunywa chai yetu ya rangi. Mimi nimevaa kandambili, yeye nishani. Anamgeukia yeyote aliye mgeni kazini, anainua chupa: "Hii nini?"

Siku moja kijana mmoja alijikakamua, akapiga kisigino chini. "Safi sana, Jenerali!"

Jenerali akamsogezea chupa taratibu.

"Kunywa basi."

Kijana yule leo ndiye mkuu wenu wa sehemu. Muulizeni, ataruka kama mlinzi wa geti.

Jenerali alistaafu, akajenga nje kidogo ya mji, akapanda mizabibu iliyomshinda kama gari. Alipougua nilikwenda kumwona na mfuko wa zabibu za kununua, ili asizione zake peke yake. Mkewe, Mama Zuhura, akatuacha barazani. Tulizungumza habari za Sajenti Ndahani, tukacheka kuhusu mlenda. Niliona alivyokonda, saa inamzunguka mkononi. Nikajua nisiposema siku ile sitasema.

"Afande," nikasema, "siku ile ya maji sikukimbia mara moja."

Akaacha kutafuna.

"Niliona vidonge kwenye debe, nikasimama. Pumzi tano. Nilikuwa nawaza kazi yangu. Nanyi mmo ndani mnatambaa. Sikuandika kwenye fomu, wala sijakwambia."

Nilitazama chini. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata aniambie niondoke.

"Tano tu?" akauliza.

"Tano, afande."

"Mshale wa geji ya injini ya kushoto ulicheza mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza nikiwa bado nageuka. Niliuona, Shabani, kama ninavyokuona wewe. Nikajiambia ni geji hii, imezeeka. Mgeni yupo nyuma yangu, anakohoakohoa, anatazama saa. Ukacheza mara ya pili, mkono wangu umeshaanza kusukuma mpini wa injini ili turuke. Sikusimama kwa ajili ya mshale. Nilisimama kwa ajili ya mtu aliyeanguka na baiskeli."

Miaka yote ile nilikuwa namwogopa mtu aliyekuwa ananiogopa mimi.

"Mbona hukuandika?" nikamuuliza hatimaye.

"Fomu ilikuwa na mstari mmoja."

Nilitaka kujizuia, nikashindwa. Yeye ndiye aliyeanza, kicheko cha kifua kibovu, mimi nikafuata, mpaka Mama Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani anakufa. Alipotuona tunacheka, akarudi jikoni akitusonya.

Alipopata pumzi, alijifuta macho kwa kanzu.

"Waambie vijana," akasema. "Yako na yangu, yote, na idadi ya pumzi. Watadhani sisi tulikuwa tunajua tu. Ila ningoje nitoke kwanza. Sitaki kutazamwa."

"Hutoki leo wala kesho, afande."

"Wewe ningoje tu."

Nimemngoja. Alitoka Ijumaa. Leo ni Jumatatu.